Kipimajoto Nyuma ya Pipa

Ofisi ya Mwalimu Mkuu (yaani meza yangu na kiti kimoja kizima)
Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, kwa niaba ya kamati ya shule, walimu sita, wanafunzi mia nne na kumi na paka wa stoo, ninayo furaha kukutangazia kwamba leo, saa nne kamili asubuhi, kipimajoto ulichotuletea kimetundikwa rasmi katika ukuta wa darasa la saba. Msumari nimeupiga mimi mwenyewe. Kidole kilichopigwa pamoja na msumari ni changu pia. Wifi yako amekifunga kitambaa akasema mtu aliyefundisha hesabu miaka ishirini na sita alipaswa kukadiria nyundo itatua wapi.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili. Katikati ya ukurasa wa kwanza mtoto mmoja wa darasa la pili akasinzia kwa kusimama, nikafupisha.

Nukta wako nimemteua kiranja wa kipimajoto. Upendeleo? Ndiyo. Huu ni mwaka wa tatu namlea mpwa wangu, kwa kuwa huko kwenye kituo chako cha hali ya hewa wanafunzi pekee ni mbuzi, na bado sijaona mtoto mwingine anayeandika namba kana kwamba zitasomwa mahakamani. Lile jina la utani ulimpa kwa udogo wake. Siku hizi ni nukta ya kumalizia sentensi za wakubwa: akishasema yeye, hakuna wa kuongeza.

Sasa tuambie, mtaalamu. Kimeshatundikwa. Tufanye nini nacho?

Kaka yako,
Mwalimu Mkuu

---

Kituoni, mlimani
Tarehe 11 Februari

Kaka,

Shikamoo, na pole ya kidole. Ningekuwepo ningecheka kwanza, pole ingefuata.

Ukutani darasani ni pazuri. Kipimajoto hukaa pale watu walipo, kimo cha kifua, kisipigwe na jua, hewa ipite. Usije ukakihamishia ofisini kwako chini ya feni.

Cha kufanya nacho ni hiki: chagua namba. Mimi nasema thelathini na nane. Darasa lenye watoto sabini chini ya bati likifika hapo, hakuna anayejifunza kitu. Piga kengele, watoke. Ukishaichagua usibishane nayo. Namba haina shemeji wala cheo.

Miaka kumi na moja sasa nasoma vipimo hapa mara tatu kwa siku. Mara moja tu nilichelewa robo saa nikaandika nilichokisia. Mkuu wangu wa wakati ule alifuta ukurasa mzima mbele yangu. Nimelikumbuka hilo zaidi kuliko kama angenitukana.

Mwambie Nukta saba yake aikate mkato katikati kama nilivyomfundisha, isifanane na moja. Na aniandikie. Simu huku haishiki, na redio ya kituo ni ya vipimo tu. Gari la mahitaji la kila wiki ndilo sauti yenu. Zamu yangu inaisha mwezi wa tano.

Mdogo wako,
Mpima Mvua

---

Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Nimepata jina jipya. Mtaa mzima sasa unaniita Mwalimu Kengele.

Kamati iliikubali namba yako baada ya kubishana kutwa. Jumatatu, saa tano na nusu, Nukta akaja mlangoni na daftari: "Mjomba, thelathini na tisa." Nikapiga kengele kwa fahari, kama mtu anayezindua daraja. Jumanne, arobaini. Kengele. Jumatano, thelathini na nane na nusu. Kengele.

Alhamisi fundi cherehani wa mtaa wa nyuma akaniletea wanawe watatu, kawashika mkono kama anarudisha bidhaa mbovu.

"Mwalimu, umewatoa kwenye joto lako umewaleta kwenye langu. Chumba changu ni bati juu na bati ubavuni, na mimi nimo ndani napiga pasi ya mkaa. Kwako angalau kuna bomba la maji. Kwangu kuna nini?"

Nikasafisha miwani. Miwani yangu haijawahi kuwa safi kama wiki hii.

Ijumaa akaja Bwana Mkaguzi wa elimu. Mtu mpole, anajifuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi. Akaniuliza kama nilikuwa nafahamu kwamba shule sita za eneo letu zinashindania dari, na kwamba itakayopoteza siku chache zaidi za masomo ndiyo itakayowekewa. Dari, mdogo wangu! Mbao kati ya bati na vichwa vya watoto. Miaka tisa nimeiomba. Nimeshapoteza siku tatu.

Kwa hiyo ili nipate kitu cha kuwakinga watoto na joto, sharti niwaache kwenye joto. Nilimweleza. Akacheka akasema mimi ni mcheshi.

Ungefanya nini ungekuwa mimi? Usijibu kwa namba.

Kaka yako,
Mwalimu Kengele

---

Tarehe 28 Februari

Kaka,

Fundi cherehani ana haki, na mimi nilikosea. Nilifikiria kuwatoa watoto, sikufikiria wanatoka kwenda wapi. Huku juu mtu husahau nyumba za watu.

Lakini kengele si lazima iwapeleke nyumbani. Kengele iwatoe chini ya bati tu. Anzeni masomo saa kumi na mbili asubuhi, mkomee saa nne. Baada ya hapo wakae nje; hadi saa sita kivuli cha ukuta kiko upande wa magharibi, baadaye kinahamia mashariki. Wawe karibu na bomba, wanywe, wasimuliane uongo, wazazi wawachukue jioni. Hiyo si siku iliyopotea. Mwandikie Mkaguzi hivyo.

Na dari ikikosekana, ikosekane. Umeishi miaka tisa bila dari. Na, kaka, nakujua. Si dari peke yake. Jina la Mwalimu Kengele limekuuma.

Mpima Mvua

---

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Habari njema! Joto limetuhurumia. Wiki yote iliyopita vipimo vimekuwa hivi: thelathini na tano, thelathini na sita, thelathini na sita, thelathini na tano, thelathini na sita. Kengele imepumzika na mikono yangu pia. Hata mtaani wameanza kunisalimia kwa jina la kazi.

Ule mpango wako wa saa kumi na mbili ni mzuri, ila mtihani wa majaribio wa darasa la saba uko karibu na ratiba imepangwa juu, si kwangu. Tutaona baada ya mtihani.

Kipimajoto tumekisogeza kidogo, mahali penye utulivu zaidi, watoto walikuwa wanakigusagusa.

Nukta yuko vitabuni. Kasema atakuandikia wiki ijayo.

Wifi yako anakusalimu. Anauliza kama huko kuna baridi ya kugawa.

Kaka yako,
Mwalimu Mkuu

---

Tarehe 16 Machi

Kaka,

Nimesoma barua yako mara mbili nikaweka pembeni yake daftari letu la redio. Kila jioni vituo vyote husomeana vipimo. Kituo cha mji wenu, siku hizo hizo tano, kilisoma thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja, arobaini, arobaini na moja. Hapo ni kivulini, penye upepo. Wewe una watoto sabini na bati.

Kwa hiyo ama shule yako imehamia mlimani, ama kipimajoto kimeharibika, ama "mahali penye utulivu" ni mahali gani? Nijibu hilo moja tu.

Na Nukta hajaniandikia kwa magari mawili mfululizo. Mtoto huyo huniandikia hata akiwa na jino linauma. Akiwa nalo ndiyo huandika zaidi. Mtihani haumzuii mtu kuandika mistari minne.

Mpima Mvua

---

Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Usiwe na wasiwasi kama kawaida yako. Kipimajoto kina hitilafu kidogo, nadhani kilitikiswa. Tutakiangalia.

Nukta alipata homa kidogo Alhamisi, mambo ya msimu. Amepumzika, anakula, amenichekea leo asubuhi. Mkono umechoka kwa mtihani, lakini kakuandikia salamu hapa chini.

Nina shughuli nyingi, nisamehe kwa ufupi.

Kaka yako

*Mama shikamoo mimi sijambo. Nilipata alama 47 za hesabu kati ya 50. Nakupenda. Nukta.*

---

Tarehe 31 Machi

Kaka,

Ile saba haina mkato.

Nukta amekata saba zake tangu ana miaka mitano. Umemfundisha miaka mitatu hilo hukuliona, au uliliona ukadhani mimi nimesahau.

Umeandika kwa mkono wa mwanangu. Sitaki kukisia kwa nini mkono wake mwenyewe haukuandika. Nimekwambia kukisia kulinifundisha nini. Nimeomba ruhusa. Nimeambiwa nisubiri mtu wa kushika zamu, nimesema daftari litabaki wazi, waandike wanavyotaka. Nashuka na gari la wiki ijayo.

Kabla sijafika, niambie. Bila mzaha. Mzaha wako naujua tangu tulipokuwa tunavunja vikombe vya mama: ukichekesha sana, kikombe kimeshavunjika.

Mama yake Nukta

---

Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemwambia dereva akupe bahasha hii kabla hujapanda garini. Njia ni ya saa saba. Nataka uwe umeshanichukia ukifika, usianze kunichukia mbele yake.

Ndani kuna barua yake ya tarehe 8 Machi. Aliniletea niiweke kwenye bahasha yangu. Niliisoma, eti nimsahihishie makosa ya mwandiko. Halikuwamo kosa hata moja. Nikaifungia kwenye droo. Soma yake kwanza, halafu urudi kwangu.

---

*Tarehe 8 Machi*

*Mama shikamoo,*

*Mimi sijambo. Mjomba ametoa kipimajoto darasani, sasa kiko stoo ya vitabu nyuma ya pipa la maji. Huko ni baridi, paka ndiko analala. Kila siku nasoma naandika 35 au 36. Niliuliza kwa nini, Mjomba akasema nikiwa mkubwa nitaelewa mambo ya dari.*

*Juzi Ijumaa wakati wa mapumziko nilikichukua nikakitundika darasani kwenye msumari wake wa zamani. Nilisubiri dakika ishirini kama unavyofanya wewe. Kilisoma 42. Nikakirudisha. Sikutaka kumwaibisha Mjomba kwa hiyo 42 nimeiandika kwa penseli pembeni mwa daftari, kalamu ya wino nimeandikia 36. Je nimekosea? Namba ipi ndiyo ya kweli kama zote nimezisoma?*

*Halafu Mama, kipimajoto kikiwa nyuma ya pipa kinapima joto la nani?*

*Mke wa Mjomba kanishonea sketi. Tarehe 27 ni siku ya michezo, nitakimbia.*

*Nukta*

---

Sasa mimi.

Nilikihamisha tarehe moja Machi, siku ya Jumapili, shule ikiwa tupu, kama mwizi. Nilijiambia ni kwa ajili ya dari. Ni kweli nusu. Nusu nyingine uliiona ukiwa huko mlimani: nilichoka kupita dukani na kuulizwa, "Leo limefika ngapi, Mwalimu Kengele?" Nina miaka hamsini na mbili na niliogopa kuchekwa na watu wanaonunua sabuni.

Tarehe 19, Alhamisi, ndiyo ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio. Bwana Mkaguzi alikuja kusimamia. Akaagiza madirisha ya darasa la saba yafungwe, watoto wa nje wasipitishe majibu, na asitoke mtu kunywa maji, kwa sababu hiyo hiyo. Nilisema, "Sawa." Sikusema neno jingine, kwa hiyo usiniulize kama nilijaribu.

Saa tano, kati ya karatasi ya kwanza na ya pili, Nukta alikuja ofisini na daftari lake. Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kile kiti kizima. Nukta akasema, "Mjomba, stoo imefungwa, siwezi kusoma." Nilikuwa nimeifunga mimi. Akasema, "Darasani kuna joto sana. Kuna mtoto ametapika."

Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya kuchekesha wageni, "Na kipimajoto kinasemaje, Bi Kiranja?"

Akasema, "Kile cha nyuma ya pipa?"

Mkaguzi akainua uso. Nikaona aibu, mdogo wangu, na aibu ikawa hasira. Nikamwambia, "Hapa hakuna mjomba. Rudi ukamalize mtihani." Akafunga daftari, akaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa mzima.

Saa saba kasoro, mwalimu wa darasa akamtuma mtoto mbio: Nukta anacheka peke yake, anaandika juu ya dawati, jasho limemkauka. Kitu cha kwanza nilichofikiri, na hiki sijamwambia hata wifi yako, ni kwamba ananifanyia kusudi mbele ya Mkaguzi. Nikajibu aachwe, zimebaki dakika kumi karatasi zikusanywe. Nikaendelea kumweleza Mkaguzi habari za mahudhurio.

Dakika kumi hizo nimezihesabu kila siku tangu siku ile.

Alianguka karatasi zikiwa zinakusanywa. Nilipombeba alikuwa wa moto kama ile pasi ya fundi cherehani. Gari la Mkaguzi ndilo lililotupeleka hospitali, na haki yake nampa, aliendesha kama mzazi. Wakamvua, wakammwagia maji, wakamwekea barafu makwapani. Daktari, mwanamke kijana, akanigeukia akauliza: "Chumba alichokuwamo kilikuwa na joto kiasi gani?"

Nikamwambia thelathini na sita.

Mpwa wangu amelala mbele yangu anatetemeka mwili mzima, hakuna aliyenilazimisha, Mkaguzi yuko nje, na mimi nikamwambia daktari thelathini na sita. Ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimeizoea.

Alikaa hospitali siku nane. Ile barua ya "homa kidogo" niliiandikia wodini, kwenye benchi, naye alikuwa hajaamka vizuri. Aliamka siku ya pili yake. Kwa hiyo hakunichekea asubuhi ile. Hakunichekea hata mara moja.

Sasa yuko nyumbani. Anakujua, anakuulizia kila siku. Akili yake ni ile ile, daktari amempima. Lakini akitembea anashika ukuta, miguu inakwenda kila mmoja na njia yake. Maneno yanatoka polepole, moja moja, kama mtu anayetoa vyombo kwenye maji. Mkono wa kulia unatetemeka, hawezi kushika kalamu. Daktari anasema mengine yatarudi na mengine huenda yasirudi, na hakubali kusema yapi. Daktari huyo huyo nilimrudia siku ya tano nikamwambia kipimajoto kilikuwa stoo, na darasani kilishasoma arobaini na mbili. Aliandika, hakuinua macho.

Wifi yako ananiwekea chakula mezani na kwenda kula chumbani kwa Nukta. Kamati nimeieleza yote, Mkaguzi nimempelekea daftari lenye namba zake za penseli pembeni. Bado hajajibu. Kilichofika kwanza ni mbao za dari. Tumeshinda. Zimepangwa ukutani nje ya darasa la saba, na watoto wanakaa chini kwenye kivuli chake.

Kuna jambo moja nalo nitalisema, si kwa kukutupia, zawadi yako haina kosa. Kabla ya kipimajoto nilikuwa nawatazama watoto usoni. Nikiona macho yamelegea niliwatoa nje, simuulizi mtu. Kilipokuja nikaacha kuwatazama wao nikatazama chenyewe. Halafu nikakificha, na sikurudi kuwatazama.

Jana Nukta aliniomba nimletee kipimajoto. Nilikitundika karibu na kitanda chake, kimo cha kifua, kisipigwe na jua. Akasubiri dakika ishirini. Akakisoma kwa muda mrefu, akasema, neno kwa neno, "Thelathini. Na. Saba. Andika, Mjomba."

Nikaandika kwenye daftari lake, kwa wino.

Akasema, "Soma."

Nikasoma, "Thelathini na saba."

Akanyoosha ule mkono unaotetemeka. "Nionyeshe."

Nikamwonyesha.

Kaka yako